Kama Kristo aliniacha huru, mbona hasira bado inaniamrisha na kifo kinanitisha?

BARUA

Ndugu Mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Nimeisoma safu hii kwa muda mrefu bila kuthubutu kuandika, kwa sababu maswali yangu yanahusu mambo ambayo mtu wa umri wangu, aliyelelewa kanisani, anadhaniwa ameshayamaliza. Nina miaka 46, nina mke na binti wa miaka 11. Niliokoka nikiwa na miaka 19, na siku ile nilipoungama nilihisi wepesi ambao sijaweza kuueleza hadi leo. Niliamini kabisa kwamba hasira niliyoirithi kwa marehemu baba yangu, hasira iliyotutetemesha sisi watoto wake wote, ilikuwa imekatwa mzizi.

Kwa miaka mingi nilidhani ndivyo ilivyo. Hasira ilikuwapo, lakini niliimudu. Miaka miwili iliyopita mama yangu aliugua na kufariki, na mimi ndiye niliyekaa naye usiku wa mwisho. Mama alikuwa mwombaji, mtu ambaye wengine walimwendea walipofiwa. Hata hivyo, usiku ule aliogopa. Aliomba taa isizimwe. Alinishika kidole gumba kama mtoto mchanga anavyoshika, akaniuliza mara tatu kama mlango umefungwa. Sikuwa na andiko la kumsomea wala neno la kumtuliza. Nilijibu tu kwamba umefungwa. Alfajiri akatutoka.

Tangu hapo silali vizuri. Usiku nahesabu mapigo ya moyo, kisha nahesabu miaka niliyobakiwa nayo ikiwa nitaishi kama baba, na mingapi ikiwa nitaishi kama mama. Na hasira imerudi. Sijampiga mtu, lakini ulimi wangu unapiga. Mwezi uliopita binti yangu aliangusha kikombe, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Kilichonifanya nishike kalamu ni jambo dogo kuliko hilo. Siku chache baadaye nilifika nyumbani mapema, nikamsikia akicheka na mama yake. Nilipoingiza ufunguo mlangoni, kicheko kikakatika. Hakikufifia, kilikatika. Nilisimama nje na ufunguo mkononi, nikakumbuka kwamba ndivyo sisi tulivyokuwa tukinyamaza tuliposikia kikohozi cha baba.

Nimetubu, nikaahidi, nikavunja ahadi, nikatubu tena, hata sasa naona haya kuomba. Ni mwezi wa tano sijashiriki Meza ya Bwana. Ndugu mmoja katika ushirika wetu alinisomea 1 Yohana 3:9, kwamba aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi, akaniambia nijichunguze kama kweli niliokoka. Mwingine alinipa pole, akasema nisijisumbue, kwa kuwa hatuko chini ya sheria bali chini ya neema, na Mungu anatujua tulivyo. Wa tatu alisema hii ni laana ya ukoo, kwamba nahitaji kufunguliwa, na kwamba ipo sadaka maalumu ya kukata kifungo cha namna hiyo.

Imeandikwa kwamba sheria ya Roho wa uzima imeniacha huru, mbali na sheria ya dhambi na mauti. Naomba unijibu bila kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Niliachwa huru kweli? Kama ndiyo, mbona dhambi inaniamrisha na mauti inanitisha? Na mama yangu, aliyekufa akiogopa, alikufa akiwa huru?

Ni mimi,
Niliyechoka Kuahidi

JIBU

Ndugu yangu Uliyechoka Kuahidi,

Amina, na pole kwa msiba. Miaka miwili si mingi kwa mtu aliyeshikwa kidole na mama yake usiku wa mwisho.

Umeandika kana kwamba umetia barua mbili katika bahasha moja, ya kwanza ya hasira na ya pili ya kifo. Mimi nasoma barua moja, nami nitaeleza sababu nikifika huko. Kwanza nianze na kifungu ulichokishika, Warumi 8:2, kwa kuwa nadhani umekidai kitu ambacho hakikuahidi, ukaacha kudai kile kilichoahidi.

Mtume Paulo aliuandika waraka huo yapata mwaka 57, akiwaandikia watu waliokaa Rumi, mji uliojaa watumwa, na kwa hiyo utumwa kwao haukuwa mfano wa mimbarani tu. Katika sura ya 6, ambayo ndiyo inayoibeba sura ya 8, swali lake kubwa ni hili: bwana wako ni nani, na nani ana haki ya kukuamuru? Angalia jinsi anavyochagua maneno. Hasemi katika sura hiyo kwamba dhambi imekufa. Anasema wewe umekufa kwa dhambi, ukazikwa pamoja na Kristo katika ubatizo, na kwamba "yeye aliyekufa amehesabiwa haki mbali na dhambi." Mtumwa akifa, bwana wake anaweza kuendelea kuishi, akasimama uani akapaza sauti na kuliita jina lile lile kila asubuhi, lakini hana tena mtu wa kumdai. Wewe umekuwa ukisikia sauti uani, na kila ukiisikia unahitimisha kwamba hujawahi kutoka katika nyumba ile.

Waliotafsiri Biblia yetu ya Union walipofika Wagalatia 5:1 walitumia maneno ambayo mimi kila nikiyasoma huinamisha kichwa: "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru, kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa." Ungwana ni hali ya mtu asiye na bwana wa kumnunua wala kumuuza. Kuandikwa huru ni tendo linalofanywa na mwingine, mwenye mamlaka, wala halimngoji aliyeandikwa ajisikie huru ndipo liwe halali. Na kongwa, kwa wasomaji wetu vijana ambao huenda hawalijui, ni mti mzito wenye panda aliofungwa mateka shingoni ili asikimbie njiani. Sasa nifikirie nawe mtu aliyelivaa kongwa kwa miezi mingi, likaondolewa leo. Kesho ukimwita kwa nyuma, atageuza mwili mzima, kwa sababu shingo yake bado haijajua kwamba inaweza kugeuka peke yake. Usiku atalala upande mmoja tu. Ukimtazama kwa mbali utasema bado amelivaa. Mtu huyo ni huru, na shingo yake inajifunza uhuru polepole, kwa maumivu, na pengine kwa miaka.

Najua mfano huu una mpaka wake, na Paulo mwenyewe aliomba radhi kwa kutumia mfano wa utumwa, akisema anaongea kwa jinsi ya kibinadamu kwa sababu ya udhaifu wa wasomaji wake. Kongwa hukaa nje ya mtu. Hasira yako imo ndani, nawe hulifurahia tendo lake kwa sekunde mbili kabla ya kulichukia. Lakini hata hapo Maandiko hayakukuacha. Katika Warumi 7 kuna mtu anayesema kwamba jema alipendalo halitendi, bali baya asilolipenda ndilo alitendalo, naye anamalizia kwa kilio: "Ole wangu, maskini mimi! Ni nani atakayeniokoa na mwili huu wa mauti?" Wakristo wamebishana karne kwa karne huyo ni nani. Augustino, askofu wa Hippo aliyefariki mwaka 430, mwanzoni alifundisha kwamba ni mtu ambaye bado hajafikiwa na neema. Baadaye akabadili mawazo, akaona kwamba ni sauti ya muumini, ya Paulo mwenyewe. Martin Luther, mwanamatengenezo wa Ujerumani, alimfuata katika hilo, naye akasema kwamba mtu aliyehesabiwa haki anabaki papo hapo kuwa mwenye dhambi. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, aliona vingine, akamsoma mtu huyo kama aliyeamshwa na sheria lakini bado hajaingia katika ungwana wa sura ya 8. Kanisa Katoliki, katika Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wake, mwaka 1546, lilifundisha kwamba tamaa inabaki ndani ya aliyebatizwa ili apigane nayo, na kwamba kuwapo kwake peke yake si dhambi kwa maana halisi ya neno. Sijui wewe ni wa kanisa gani, wala sihitaji kujua. Ninalotaka ulione ni kwamba hao wote, pamoja na tofauti zao nzito, hakuna anayefundisha kuwa aliyeachwa huru hupoteza siku ile ile uwezo wa kujaribiwa.

Augustino huyo huyo alitofautisha uhuru wa namna mbili, na mimi sijapata maelezo bora kuliko hayo. Upo uhuru wa kuweza kutotenda dhambi, na upo uhuru mkubwa zaidi wa kutoweza kutenda dhambi. Huu wa pili ni wa ulimwengu ujao. Ulipookoka ukiwa na miaka 19, ule wepesi ulikudanganya kidogo, ukadhani umekabidhiwa wa pili. Ulikabidhiwa wa kwanza, ambao unaanzwa na neema na kuendelezwa na neema, na ambao kuusahau ndiko kumekufanya useme kwamba dhambi "inakuamrisha." Inakuita, ndugu yangu. Kukuamrisha haina tena haki.

Nije kwa washauri wako watatu. Yule wa kwanza alikusomea andiko la kweli kwa haraka. Yohana anasema kweli kwamba aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi, na wafafanuzi wengi wanaeleza kwamba kitenzi anachotumia kinabeba maana ya kuendelea, yaani kuishi katika dhambi kama makazi. Lakini hata mtu asiyejua Kiyunani angeweza kurudi nyuma kurasa mbili katika waraka ule ule akakutana na haya: "Tukisema kwamba hatuna dhambi, twajidanganya wenyewe," na tena, kwamba anayaandika hayo ili wasitende dhambi, na kama mtu akitenda dhambi, tunaye Mwombezi kwa Baba. Mtu aliyefanya dhambi kuwa makazi hasimami nje ya mlango wake na ufunguo mkononi akilia kwa sababu ya kicheko cha mtoto. Hata hivyo, usimkasirikie ndugu huyo. Amelinda jambo la kweli, kwamba kuzaliwa na Mungu lazima kuonekane mahali fulani.

Wa pili amekufariji kwa nusu ya aya. Warumi 6:14 inasema hivi: "Kwa maana dhambi haitawatawala ninyi, kwa sababu hamwi chini ya sheria, bali chini ya neema." Neema imetajwa pale kama sababu ya dhambi kupoteza utawala, naye ameigeuza kuwa sababu ya kuiachia iendelee. Aya inayofuata tu, Paulo anauliza kama tufanye dhambi kwa kuwa tu chini ya neema, akajibu kwa ukali: hasha! Tena maneno "Mungu anatujua tulivyo" ni kweli tupu, lakini binti yako naye anakujua ulivyo, na yeye ana miaka 11 tu.

Kuhusu wa tatu nitasema kwa ufupi na bila kuzungukazunguka. Kwamba hasira ina njia ya kupita kutoka kwa baba hadi kwa mwana, hilo halina ubishi; uliiona, ukaijifunza kwa macho na masikio kabla hujajua kusoma. Ila Petro aliliona jambo hilo zamani, akaandika kwamba tulikombolewa kutoka katika "mwenendo wenu usiofaa mlioupokea kwa baba zenu," na akataja kwa makusudi kile ambacho hakikutumika kulipia ukombozi huo, yaani fedha na dhahabu. Kilichotumika ni damu ya Kristo. Nabii Ezekieli naye alisema waziwazi kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Kuombewa ni kuzuri, nenda ukaombewe na watu wanaokupenda. Lakini mtu akikutajia kiasi cha sadaka ya kukata kifungo, anakuuzia ulichokwisha kupewa.

Sasa nirudi kwenye barua ya pili, ile ninayosema ni moja na ya kwanza. Umeeleza mwenyewe kwamba kwa miaka mingi uliimudu hasira, na kwamba ilirudi baada ya usiku ule. Hukuyaunganisha mambo hayo mawili, lakini yamefuatana katika barua yako. Mwandishi wa Waebrania anasema kwamba Kristo alishiriki damu na mwili "ili kwa njia ya mauti amharibu yeye aliyekuwa na nguvu za mauti, yaani, Ibilisi, awaache huru wale ambao kwamba maisha yao yote kwa hofu ya mauti walikuwa katika hali ya utumwa." Tunazoea kusema kwamba dhambi huleta mauti, na ndivyo ilivyo, Paulo anaiita mshahara, na neno la Kiyunani analolitumia lilikuwa hasa la posho ya askari, kinyume cha uzima wa milele ambao anauita karama. Waebrania wanatuonyesha mkondo ukirudi upande wa pili: hofu ya mauti nayo humtia mtu utumwani. Anayehesabu miaka yake usiku huamka akiwa bahili wa kila kitu. Kila kilichovunjika kinamkumbusha kwamba vitu huvunjika. Kikombe kilianguka, ndugu yangu, nawe ulipiga kelele kwa sababu ya kitu kingine kabisa kilichokuponyoka mkononi alfajiri moja miaka miwili iliyopita. Siwezi kulithibitisha hilo kutoka hapa nilipo, na wala haliondoi kosa lako. Lichukue ukalipime katika maombi.

Kuachwa huru mbali na mauti maana yake nini, basi, ikiwa tunazikana kila siku? Imani ya Kikristo inalisema jambo hilo kwa nyakati mbili, na ukizichanganya utakata tamaa. Wakati wa kwanza umekwisha kufika: Yesu anasema katika Yohana 5:24 kwamba alisikiaye neno lake na kumwamini aliyempeleka amekwisha kupita kutoka mautini na kuingia uzimani. Mauti kama hukumu, kama kutengwa na Mungu, imeshaondolewa juu yake, ndiyo maana Warumi 8 inaanza kwa kusema kwamba hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu. Wakati wa pili bado haujafika: sura hiyo hiyo, aya ya 23, inasema tunaugua tukitazamia ukombozi wa mwili wetu, na 1 Wakorintho 15:26 inaiita mauti adui wa mwisho atakayebatilishwa. Atakayebatilishwa, si rafiki wa kukumbatiwa. Siku hizi tunasikia mahubiri ya mazishi yanayoifanya mauti ionekane kama usafiri wa starehe, nami nakiri kwamba hayo hunichosha. Kanisa la kwanza halikuihubiri hivyo. Lilimhubiri Mfufuka, na ufufuo wa mwili wa watu wake, kwa sababu lilijua kwamba mauti ni adui kwelikweli na kwamba mmoja ameingia mle ndani akatoka.

Hapo ndipo ninapotaka kumzungumzia mama yako. Umeuliza kama aliyekufa akiogopa alikufa akiwa huru. Nenda Gethsemane, Mathayo 26, umsikilize Bwana akiwaambia wanafunzi watatu kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, akiwaomba wakae wakeshe pamoja naye. Alitaka watu karibu. Hakutaka kuachwa peke yake usiku. Waebrania 5:7 inasema alimtolea Mungu maombi pamoja na kulia sana na machozi. Kama kuogopa kifo kungekuwa ushahidi kwamba mtu si huru, tungelazimika kumhukumu Mwana mwenyewe, ambaye ndiye anayeweka huru. Mama yako alimwomba mwanawe taa isizimwe, nawe hukuizima. Aliuliza kama mlango umefungwa, ukamjibu mara tatu bila kuchoka. Wanafunzi wale watatu walilala, wewe hukulala. Uhuru wa mama yako haukutegemea utulivu wa mapigo ya moyo wake saa ile, bali ulimtegemea yule aliyemwandika huru, na hati hiyo haiandikwi upya kila mtu anapotetemeka. Umekuwa ukijilaumu kwamba hukuwa na andiko la kumsomea. Sioni kosa hapo.

Lipo tukio moja ambalo ningependa ulisome polepole wiki hii, nalo ni la Lazaro katika Yohana 11. Yesu analia kwanza, kisha anamwita kwa sauti kuu. Lazaro anatoka. Lakini msimulizi anatuonyesha jambo ambalo angeweza kuliacha: aliyetoka amefungwa sanda miguu na mikono, na leso imefungwa usoni pake. Yu hai kabisa, na haoni, wala hawezi kutembea vizuri. Kumfufua ilikuwa kazi ya Yesu peke yake. Kumfungua aliwaachia waliosimama pale: "Mfungueni, mkamwache aende zake." Wewe umejaribu kujifungua mwenyewe gizani kwa ahadi, na mikono iliyofungwa haifungui mikono. Kwa hiyo acha kuahidi. Jina ulilojipa katika barua yako limenifurahisha, maana kuchoka huko kunaweza kukufaa. Badala ya kumwahidi Mungu mara nyingine, mtafute mtu mmoja mkomavu, mchungaji, padre au mzee mwenye siri, umweleze kama ulivyonieleza mimi, pamoja na yale maneno ambayo hukutaka kuyaandika. Yakobo 5:16 haituambii tuungame kwa Mungu tu; inasema tuungamiane sisi kwa sisi na kuombeana tupate kuponywa. Mwambie akuulize kila wiki. Na kama kuna siku hasira itakaribia kuushika mkono wako, usingoje wiki iishe. Ondoka chumbani, na utafute msaada wa mshauri aliyesomea kazi hiyo, kwa kuwa usalama wa mkeo na mtoto unatangulia heshima yako. Kukosa usingizi kwa miaka miwili nako ni jambo la kumwona daktari, wala kufanya hivyo hakupunguzi imani.

Kuhusu Meza ya Bwana, naona umeisoma nusu ile aya ya kujihoji. 1 Wakorintho 11:28 inasema mtu ajihoji mwenyewe, "na hivyo aule mkate." Kujihoji kumewekwa kuwa njia ya kuijia meza, nawe umekufanya kuwa ukuta. Fuata utaratibu wa kanisa lako; kama linataka uungame kwanza kwa padre au mchungaji, kaungame, lakini usiufikishe mwezi wa sita. Umejinyima chakula, kisha unashangaa kwamba huna nguvu.

Limebaki moja, nalo ndilo gumu. Umetubu mara nyingi kwa Mungu, lakini katika barua yako yote sikuona mahali ulipomwomba binti yako msamaha. Wagalatia 5:13 inasema tuliitwa tupate uhuru, kisha inaeleza mara moja uhuru huo unakwenda wapi: "bali tumikianeni kwa upendo." Keti naye, macho yenu yalingane. Mwambie kwamba maneno uliyomwambia siku ya kikombe yalikuwa mabaya na si ya kweli, na kwamba kosa lilikuwa lako. Usiseme "lakini." Usimweleze habari za bibi yake wala za babu yake siku hiyo, asije akadhani anatakiwa kukuhurumia. Mama yake awepo, kwa sababu naye anadaiwa neno hilo hilo.

Na jioni unapofika nyumbani, kabla ya kuingiza ufunguo, simama pale pale uliposimama siku ile, ujihesabu kama Warumi 6:11 inavyosema, kuwa mfu kwa dhambi na hai kwa Mungu katika Kristo Yesu. Inatosha pumzi tatu au nne. Kisha ingia. Kicheko kinaweza kukatika tena, leo na kesho na pengine kwa miezi, kwa kuwa shingo ya mtoto nayo inajifunza. Msalimie, kaa, na usimuulize kwa nini amenyamaza.

Ndugu yako katika Bwana,
Mshauri